Mwalimu Ratiba na Ngazi za Shule

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba alikuwa dereva wa treni, mama fundi cherehani. Alikuwa mtoto wa pili. Wa kwanza ni kaka yake, ambaye sote tunamwita Profesa, aliyepooza miguu akiwa bado mdogo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965. Siku ya kuandikishwa mama aliwapeleka wote wawili, mmoja kamshika mkono, mwingine kambeba mgongoni. Mwalimu mkuu akamwandika wa mkononi. Wa mgongoni akamrudisha, eti hana mahali pa kumweka. Marehemu alilia njia nzima. Tangu hapo, kila akitoka shule alimkalisha kaka yake barazani akamfundisha kila alichofundishwa, viboko vikiwemo. "Alikuwa mkali kuliko walimu wa mshahara," Profesa husema hadi leo. Ndivyo alivyojua kusoma na kuandika. Lakini darasani hakuingia, na jambo hilo lilimkaa marehemu rohoni maisha yake yote.

Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1979, akapangiwa kufundisha hisabati sekondari. Mwaka 1982 fundi mmoja alikuja nyumbani kwa wazazi kuweka umeme. Marehemu akamsimamia, mikono kiunoni: "Hiyo swichi umeipeleka juu hivyo, kaka yangu ataifikiaje?" Fundi akaishusha bila ubishi, na wiki iliyofuata akarudi kuuliza kama kuna nyingine ya kushusha. Walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1983.

Shuleni yeye ndiye aliyepanga vipindi, hivyo jina la Mwalimu Ratiba likamganda. Mwaka 1994 alipokelewa mwanafunzi mlemavu wa miguu. Darasa lake lilikuwa ghorofani. Wenzake walimbeba kila asubuhi, na shule nzima ikajisifu kwa upendo huo. Marehemu naye alisifu. Ila aliona kijana hanywi maji, hata jua likiwa kali vipi, akamuuliza kulikoni.

"Nikinywa nitataka kwenda chooni, Mwalimu. Nitamsumbua nani anibebe katikati ya somo?"

Maneno hayo yalimchoma. Siku hiyo hiyo alimwendea mkuu wa shule na ratiba mpya: darasa lishuke chini, ofisi ya walimu ipande juu. Mkuu akaruka.

"Na walimu wenye magoti mabovu je?"

"Basi tuwabebe, mkuu. Si tumeshazoea?"

Walimu walimnunia muhula mzima, na chai akanywa peke yake. Iliwahi kumliza, mume wake anajua. Lakini hakurudi nyuma. "Kusoma ni haki yake," aliwaambia, "si fadhila ya migongo ya wenzake." Ofisi ikahamia ghorofani na huko iko hadi leo. Baadaye alizizungukia shule za jirani na futi yake ya kupimia milango, na wakuu waliomwona getini walikimbilia kwanza kukagua vyoo.

Alistaafu mwaka 2018. Novemba 2021 kiharusi kilimpata, mguu na mkono wa kulia vikakataa kazi. Milango mipana aliyoijenga nyumbani kwake kwa ajili ya Profesa ikampitisha yeye na kiti chake cha magurudumu. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, mume wake akiwa kando ya kitanda.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano na kaka yake, Profesa.

Kamati ya mazishi, kwa nia njema, ilikuwa imeshachukua ukumbi mzuri wa ghorofani. Mume wake akaukataa. Hospitalini marehemu alikuwa amemwambia, "Siku yangu, asibebwe mtu ila mimi." Ndiyo maana tumekusanyika hapa kwenye bwalo la shule, mahali pasipo na ngazi. Profesa ameingia mwenyewe, amekaa mbele.

Sasa tumbebe Mwalimu wetu, yeye peke yake, akapumzike kwa amani.