Bi Pazia, Aliyesema kwa Mdomo wa Mfalme

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wachache mliokuja kuhakikisha kwamba kweli amefariki, karibuni. Huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe nne Machi, mwaka wa sita wa utawala wa baba mkwe wake, ingawa wakati huo baba mkwe hakuwa na habari. Alizaliwa katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji, mtoto wa kwanza wa fundi nguo na mkunga. Mama yake alizoea kuzalisha wengine, basi siku ile alijielekeza mwenyewe mwanzo mwisho, na baba akasimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni, hajui mikono aipeleke wapi. Mama alisimulia kwamba mtoto hakulia mara moja. Alikitazama kwanza chumba chote, kona moja baada ya nyingine, kama mtu anayefikiria kukipanga upya.

Alianza shule ya msingi ya mtaani akiwa na miaka saba. Wiki ya pili mwalimu aliingia darasani akakuta wanafunzi wamepangwa kwa urefu, madirisha yamefunguliwa, na marehemu amesimama mbele na chaki mkononi.

"Nani amekuchagua kiranja?" aliuliza mwalimu.

"Hakuna, mwalimu. Nafasi ilikuwa wazi."

Mwalimu alicheka hadi akatafuta kiti, kisha akamwachia. Marehemu alibaki kiranja mpaka alipomaliza shule, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyempigia kura hata siku moja. Tunalisema hili mapema ili mtu asije akashangaa huko mbele: marehemu alipenda madaraka. Aliyapenda waziwazi, bila kona. Mdogo wake, aliyeandika maneno haya, alilala naye kitanda kimoja utoto mzima, na anajua blanketi lilivyokuwa likigawanywa.

Alipotoka shule alikaa kwenye cherehani ya pili dukani kwa baba yake, na haukupita muda akawa fundi wa mapazia anayetafutwa mji mzima. Mwezi Juni, akiwa na miaka ishirini na mmoja, kasri liliagiza mapazia mapya ya ukumbi wa Baraza, kwa kuwa mzee mfalme alikuwa hoi na mwanawe alikaribia kukalia kiti. Ukumbi ule tulihadithiwa sana na hatukuuchoka. Sakafu iling'aa hadi mtu akaona aibu kuikanyaga. Mwanga uliingia kupitia kitambaa cheupe ukatua kila mahali bila kivuli, hivyo asubuhi na alasiri vilifanana, na saa kubwa ya ukutani ilikuwa imesimama zamani bila mtu kujali. Marehemu alipanda ngazi nyuma ya pazia, pini mdomoni, akawa anakunja upindo. Upande wa pili kijana mrefu alikuwa akitembea huku na huku akijisomea hotuba. Kila akifika sentensi ya tatu, inampotea, anaisoma kwa sauti kwenye karatasi. Anaanza upya, inampotea tena. Marehemu alivumilia mpaka jua likageuka. Kisha akatoa pini mdomoni, akamtajia sentensi ile kwa sauti ya chini, kutoka ndani ya kitambaa.

Kijana aliirudia neno kwa neno, bila kugeuka, akaendelea hadi mwisho. Ndipo akauliza, "Wewe ni nani?"

"Fundi wa mapazia."

"Kesho utakuwepo?"

"Upindo bado," alisema marehemu, ingawa upindo ulikuwa umekwisha.

Walifunga ndoa tarehe mbili Februari, mwaka wa kwanza wa utawala wa mumewe. Mama mkwe hakufurahi, wala hakuficha. "Mwanangu ameoa mdomo," alisema mbele ya wageni. Marehemu akampigia magoti akamjibu kwa heshima zote, "Ndiyo, mama. Na mimi nimeolewa na kiti. Tutasaidiana." Wageni walikosa pa kutazama. Lakini asidanganyike mtu, wawili hawa walipendana. Mfalme alikuwa akitoka kwenye mazungumzo ya watu wazito na kwenda kumsaidia kutunga uzi kwenye sindano, kwa kuwa yeye macho yake yalikuwa mazuri zaidi, na wakikaa hivyo dirishani saa zilipita bila kuaga.

Desturi ya kasri haikumruhusu mwanamke kukaa barazani. Ilimruhusu mke wa mfalme kukaa nyuma ya pazia lililokuwa nyuma ya kiti, na kazi yake ya mkono, ili mumewe ajue kwamba yupo. Waliotunga desturi hiyo hawakumfikiria mke atakayefungua mdomo. Mfalme alikuwa mtu mpole na mwenye akili zake, ila mbele ya watu maneno yalimkimbia. Akisikia sauti ya mkewe kwenye kitambaa, anatulia, anasema kama alivyosikia, haongezi wala hapunguzi. Mawaziri walijua. Walikohoa, wakatazama kucha zao.

Kwa njia hiyo marehemu alichimba visima, akajenga shule za wasichana, akawafukuza mawaziri wawili waliozoea kula vya watu. Kwa njia hiyo hiyo alilifungia gazeti lililomchora na pua kubwa, na akapandisha ushuru wakati watu wako taabani. Yote yaandikwe, maana hata yeye hakuwahi kuyakana. Watu wakampa jina la Bi Pazia, wengine kwa mapenzi, wengi kwa hasira. Naye hakuridhika. Alitaka kukaa mbele, kwenye kiti chenyewe, aseme kwa mdomo wake na watu wamwone usoni. Alilisema hilo hata akiwa anamnyonyesha binti yao wa pekee, akitazama nje, kwa sauti ya mtu anayesimulia ndoto ya jana.

Mapinduzi yalifika taratibu. Kwanza mkate ulipotea. Kisha askari wakakosa mishahara. Kisha asubuhi moja wapishi hawakuja kazini, na kasri likawa kimya kiasi cha kusikia mapazia yakijisugua kwa upepo, chumba hadi chumba. Tarehe tisa Oktoba, mwaka wa kumi na tisa wa utawala wa mumewe, watu waliujaza uwanja wa mbele. Marehemu alikuwa tayari. Alikuwa ametunga hotuba fupi: mfalme amewasikia; mfalme ni mgonjwa; kuanzia leo mamlaka yote yako mikononi mwa mkewe. Mkuu wa walinzi naye alikuwa tayari. Aliwapanga askari juu ya paa na bunduki zao. Hotuba ikiisha na watu wasitawanyike, angeinua mkono.

Mfalme alitoka akasimama roshani. Marehemu akasimama nyuma yake, ndani ya mlango, pazia likiwa katikati yao. Kupitia kitambaa umati ulikuwa wa rangi moja, unayumba, hauna sura.

"Nimewasikia," alisema marehemu.

"Nimewasikia," alisema mfalme.

"Mimi ni mgonjwa."

"Mimi ni mgonjwa."

Ilibaki sentensi aliyoisubiri maisha yake yote. Ndipo alipouona mkono wa mumewe. Mfalme alikuwa ameurudisha nyuma, unalipapasa pazia, unamtafuta. Marehemu aliwatazama tena wale watu wa uwanjani, akajua kwamba hawatatawanyika kwa ajili yake. Akilitamka lile neno atapata kiti, na mara tu baada ya kiti itakuja risasi, na wa kwanza kusimama mbele ya hasira yao ni huyu asiyejua kujitetea. Alikuwa nalo ulimini. Alilimeza. Akaushika ule mkono kupitia kitambaa, akamwambia mumewe, mumewe peke yake, "Basi, mume wangu. Yaishe. Twende zetu."

Na mfalme, kwa uaminifu wake wote, akainua kichwa na kuutangazia umma, "Basi, mume wangu! Yaishe! Twende zetu!"

Watu wa mbele waligeuka kuulizana wamesikia nini. Kisha mama mmoja mwenye kikapu, mstari wa mbele, akauliza kwa sauti, "Mume wako nani tena, jamani?" Akaanza kucheka. Aliyekuwa jirani yake akacheka, na kicheko kikatambaa hadi nyuma kabisa, kwa watu ambao hawakusikia chochote. Waliyojua kwa uvumi miaka yote sasa waliyasikia kwa masikio yao. Askari juu ya paa walijishika mbavu, bunduki zikalala. Mkuu wa walinzi aliinua mkono kweli, lakini ilikuwa kujifuta machozi. Haikulia risasi hata moja, na ufalme uliokuwepo tangu mababu ukaishia pale.

Walitoka kwa mlango wa jikoni, mume, mke na binti yao, kwa miguu, na hakuna aliyewazuia. Marehemu alilia njia nzima. Miaka mingi baadaye binti yake alimuuliza kama alimlilia baba. "Nililia kiti!" alisema kwa ukali. "Mnadhani kiti ni kitu kidogo?"

Walivuka mpaka, wakapanga vyumba viwili ghorofa ya tatu, katika jengo ambalo wengi wenu mnaishi mpaka leo. Mdogo wake aliwafuata baadaye. Marehemu alirudia cherehani, akashona sare za shule na mapazia ya majirani. Mumewe alitunga uzi. Alikuwa mstaarabu, akiwapisha watoto kwenye ngazi, ila akisalimiwa tu anageuka kumtazama mkewe. "Anasema ahsante, hajambo," atajibu marehemu. Dukani, "Anasema anataka chumvi." Kwa kinyozi, "Anasema punguza pembeni." Tuliona kichekesho. Yeye alikuwa amekwisha acha kucheka. Alimwambia mdogo wake, akiwa ameacha gurudumu la cherehani lizunguke lenyewe, "Mimi nilimfanya hivi, kwa faida yangu. Nikitangulia mimi, huyu ataombaje hata maji?" Hofu hiyo alikaa nayo miaka mingi, akaugulia ndani kwa ndani, akakataa hata kupata mafua.

Lakini madaraka hayakumtoka, hata kidogo. Wapangaji walipoamua kuunda kamati ya jengo, ya kushughulikia pampu ya maji na taa za ngazi, alijitokeza siku ile ile kugombea uenyekiti. Mpinzani wake alikuwa fundi friji wa ghorofa ya chini, mtu wa watu. Marehemu alipita mlango kwa mlango na hotuba yake mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe, mikono ikitoa jasho kama ya msichana. Karatasi zilitumbukizwa kwenye boksi la viatu. Akashindwa kwa kura moja.

Mungu wangu, mwaka ule tulikoma! Alimhoji kila mtu kura yake ilikwenda wapi. Alimbana mama muuza mitumba kwenye ngazi, akamsimamisha mwalimu wa hesabu akiwa na taulo begani. "Sina ubaya," alisema, "nataka kujua tu." Hakuna aliyekiri. Uchaguzi uliofuata alishinda, naye akakaa chini palepale kwenye ngazi akalia kwa kwikwi. "Wamenichagua," alimwambia mdogo wake. "Umeona? Wamenichagua watu." Aliongoza kamati ile mpaka alipougua, na pampu haikuwahi kuharibika zaidi ya siku moja, kwa kuwa fundi friji, aliyekuwa akiitengeneza, aliogopa kumwambia kuwa kipuri hakuna.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka juzi. Mwezi Aprili mwaka huu alilazwa. Wodi yake ilitazama bustani, na alasiri nzima mwanga wa majani ulitembea juu ya shuka bila haraka. Alisinzia, akaamka, akauliza kama taa ya ghorofa ya pili imebadilishwa, akasinzia tena. Alhamisi tulikuwa pale wote, binti yake, mdogo wake, na mumewe kwenye kiti cha kando, ametulia kama kawaida.

"Nina neno," alisema mumewe.

Tuligeuka sote. Tulimtazama marehemu tukasubiri amtajie, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameduwaa.

"Ile kura uliyokosa," alisema mzee. "Ni yangu. Nilimpigia fundi friji."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nimechoka na mikutano. Nilidhani basi, tutapumzika."

"Nani alikwambia umpigie yeye?"

"Hakuna mtu. Niliamua tu."

"Na mwaka uliofuata?"

"Nilikupa wewe. Ulinuna mno, nikaona afadhali mikutano."

Marehemu alicheka mpaka muuguzi akaja kuona kuna nini. Kisha akamwita mzee asogee, akamshika shavu, akamtazama muda mrefu sana, machozi yanamtiririka hadi masikioni.

"Ungeniambia siku ile ile," alisema. "Miaka yote hii nimeogopa kufa, kumbe bure."

Alifariki Jumapili iliyofuata, tarehe ishirini na moja Aprili, asubuhi, usingizini, bila kuamrisha mtu.

Ameacha mume, binti mmoja, wajukuu wawili ambao wote ni viranja, mdogo mmoja mwenye domo, na jengo zima la wapangaji waliompa kura, akiwemo fundi friji, ambaye tangu juzi hajazungumza bila kujifuta pua.

Jana tulimuuliza mumewe tumalizie vipi wasifu huu. Hatukumtajia chochote. Alifikiri kwa muda wake, kisha akatuambia tuandike hivi, nasi tumeandika kama alivyosema:

"Pumzika, mke wangu. Wakiuliza, nitajibu mimi."