Mzee Akidi na Barua Namba 214

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha pili cha nyumba za wafanyakazi wa reli. Alikuwa mtoto wa nne wa mpokea mizigo wa stesheni na mama aliyefulia watu nguo. Nyumbani aliitwa Baba, mtaani Jirani, na kazini Mzee Akidi, jina lililomganda mpaka likaandikwa kwenye kadi ya kustaafu. Wasifu huu umeandikwa na binti yake, mtoto wake wa kwanza, kwa niaba ya familia. Anaomba mumsamehe kama utakuwa mkavu. Tangu Alhamisi watu wanamtazama wakingoja alie, na kilio hakijaja.

Alisoma shule ya msingi nyuma ya stesheni kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, kisha sekondari hadi kidato cha nne. Mwaka 1972 alijiunga na chuo cha uhazili. Darasa lilikuwa na wasichana ishirini na watatu, naye peke yake mvulana. Mwalimu alifunika vidole vyao kwa kitambaa wapige taipu bila kuchungulia, na marehemu akafikia maneno sitini kwa dakika. Alipoulizwa aliupata wapi ule ukimya wake, alijibu kwamba ni pale chuoni, kwani kwa miaka miwili zamu yake ya kuzungumza haikufika.

Tarehe 8 Januari 1977 alifunga ndoa na mshonaji wa kiwanda cha sare, ambaye leo ni mjane wake. Walijaliwa watoto watatu, binti na wadogo zake wawili wa kiume. Walipendana kwa namna yao, yaani kwa kubishana juu ya dirisha, mmoja akilifungua na mwenzake akilifunga, kwa miaka arobaini na miwili.

Aliingia ofisi za Bunge tarehe 17 Julai 1980 kama mpiga taipu wa muda. Mkataba wake ulikuwa wa miezi mitatu, na ulipokwisha alipewa mwingine wa miezi mitatu, hadi ikatimia mikataba thelathini na mitatu. Mtu aliyemwona asubuhi na koti lake lililopigwa pasi angeapa kwamba huyo ana kazi yake ya kudumu. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Marehemu alikuwa mhunzi ambaye koleo lake lilivunjika kila baada ya miezi mitatu.

Kiti chake kilikuwa kushoto kwa mwenyekiti wa kamati, penye meza ndogo iliyotosha birika la maji na daftari alimoandika kumbukumbu za kikao. Kabla kikao hakijaanza alihesabu wajumbe kwa macho na kumnong'oneza mwenyekiti kama wametimia. Mazoea hayo aliyaleta nyumbani. Watoto wakishanawa mikono, aliwahesabu mmoja mmoja, mama yao wa mwisho, kisha akasema, "Akidi imetimia. Kikao kianze." Wanawe walikua wakidhani kila baba husema hivyo.

Mwaka 1986 kiwanda cha sare kilifungwa. Mama akaweka cherehani dirishani akawa anapunguza suruali za watu, siku zikija suruali. Mwanzoni mwa mwezi watoto walikula mara tatu, katikati mara mbili, na mwisho wa mwezi walikula jioni tu. Familia haisemi haya ili kumwaibisha marehemu. Inayasema kwa sababu mwaka uliofuata ndipo kamati yake ilipoanza kuchunguza umaskini wa watoto na ajira za wazazi.

Waliitwa waajiri, wakaitwa watu wa wizara, akaja ofisa takwimu na jedwali lake. Katika jedwali lile, mzazi aliyefanya kazi japo saa moja kwa wiki alihesabiwa kuwa na ajira, na mtoto wake aliwekwa kwenye safu ya watoto wenye wa kuwatunza. Mjumbe mmoja aliyewahi kuwa mwalimu aliuliza, "Sasa huyu wa saa moja, mwanawe anashiba saa ngapi?"

Ofisa akatazama karatasi zake. "Hilo halikuwemo kwenye dodoso, mheshimiwa."

Marehemu aliyapiga taipu yote hayo, pamoja na jedwali. Wanawe walikuwa kwenye safu ya wenye wa kuwatunza.

Karatasi zilizoharibika ofisini alizileta nyumbani ili watoto wafanyie hesabu upande wa nyuma. Siku moja binti, akiwa na miaka tisa, aligeuza karatasi yake akakuta tangazo la kamati likiwaomba wananchi watoe maoni. Halikutaja umri. Lilisema kila barua itasomwa na kujibiwa. Akaandika. Siku iliyofuata alitumwa ampelekee baba miwani aliyoisahau, na pale getini mlinzi akamshikia kifuniko cha sanduku la maoni, barua ikaingia.

Ilisema hivi: "Kwa Kamati. Mmeuliza kama mzazi ana kazi. Jibu, ndiyo, kila siku, hata Jumamosi. Mmeuliza kama mtoto anakula. Jibu, inategemea tarehe. Leo ni tarehe ishirini na sita. Naomba mjadili. Ni mimi, Chiriku." Chiriku ni jina alilopewa na baba yake kwa kusema sana.

Barua ilipewa namba 214, na Jumanne tarehe 13 Oktoba 1987 mwenyekiti, mama mmoja mwenye sauti nzito, aliisoma kikaoni. Wajumbe walicheka waliposikia jina. Mwenyekiti akasema barua hiyo moja ina jambo ambalo mashahidi kumi na mmoja hawakulisema, na kwamba mzazi wa mtoto huyo aitwe aeleze. Akauliza chumba kizima, "Huyu Chiriku ni nani? Nani anamfahamu?"

Hakuna aliyejibu. Barua isiyo na mwenyewe haiwezi kuwa ushahidi, hivyo ikawekwa kando. Ripoti ilitoka Machi 1988, nayo ikasema dawa ya umaskini wa mtoto ni mzazi kupata kazi. Watoto wenye wazazi wa kazini hawakupata hata ukurasa mmoja.

Nyumbani mambo yalikuwa tofauti. Wiki ile ya Oktoba marehemu alirudi na bahasha yenye muhuri, akamkabidhi binti yake kwa mikono miwili kama anavyokabidhiwa mtu mzima. Ndani ilikuwa imepigwa taipu, safi bila kosa, kwamba maoni yake yamepokelewa na kamati inamshukuru. Binti aliringa nayo shule nzima. Aliringa nayo kwa miaka thelathini na zaidi, na hata kazini kwake aliwahi kuwaambia wenzake kwamba Bunge liliwahi kumsikiliza akiwa darasa la nne.

Tarehe 17 Oktoba 1988 marehemu aliajiriwa kwa kudumu. Akapanda hadi karani mwandamizi, na mwaka 1996 alipendekeza barua za watoto zipokewe kama za watu wazima, na shahidi asiulizwe hadharani ni nani, bali karani amfuate faragha. Alilisimamia jambo hilo kwa miaka miwili mpaka likapita, yeye asiyekuwa mtu wa kusimamia hata foleni. Familia ilidhani ni bidii ya kazi tu. Alistaafu tarehe 30 Machi 2011.

Februari 2019 alipata kiharusi kilichochukua mkono wa kulia. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena. Jumanne tarehe 18 Juni, saa za mchana, binti alikuwa akimkata kucha kitandani.

"Ile barua yako," marehemu akasema.

"Barua gani, baba?"

"Mia mbili kumi na nne. Mwandiko niliujua kabla mwenyekiti hajamaliza kuikunjua. Akauliza nani anamfahamu. Nilikuwa nimekaa hapo hapo, mwanangu. Nikaandika hakuna."

Binti aliendelea kukata kucha. "Mkataba ulikuwa unaisha lini?"

"Ijumaa."

"Basi ulikuwa kazini, baba."

"Ndiyo," akasema. "Nilikuwa kazini."

Muuguzi akaja kubadilisha dripu, akauliza kama mgonjwa amekula. Binti alifunga kucha kwenye karatasi, akaaga, akasema atarudi kesho kutwa. Hakusema lingine. Hakukasirika wala hakumsamehe. Alikuwa hajui bado anahisi nini, na alidhani siku zipo. Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 20 Juni 2019, saa mbili asubuhi, binti akiwa kwenye ngazi za hospitali na chupa ya chai mkononi.

Jumatatu wiki hii binti alikwenda maktaba ya Bunge kuhakiki tarehe za wasifu huu. Mkutubi alimletea jalada la mwaka 1987. Maneno yapo ukurasa wa tisa, yamepigwa taipu safi bila kosa: "Mwenyekiti aliuliza iwapo yupo anayemfahamu mwandishi. Hakuna aliyemfahamu." Chini pana saini ya marehemu. Ukurasa unaofuata ni wa kikao cha wiki iliyofuata, ambapo mwenyekiti aliuliza, kama ilivyo desturi, kama kuna marekebisho kwenye kumbukumbu za kikao kilichopita. Hapakuwa na marekebisho. Mkutubi alieleza kwamba kumbukumbu zikishathibitishwa hazifutwi, ila mtu aliyekuwepo anaweza kusimama kikaoni akaomba zirekebishwe. Binti akamuuliza kama kuna muda wa mwisho. Mkutubi alifikiri kidogo, akasema hajawahi kuuona ukiandikwa.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano na dada mmoja. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani, na makarani wenzake waliokuja leo na makoti yao.

Mtoto wa kwanza wa marehemu ndiye Chiriku, na ndiye anayesoma haya. Hakuwepo chumbani siku ile, lakini alikuwa nyumbani jioni yake, akala, na waliokula naye wapo hapa. Anasimama mbele ya kikao hiki kuomba marekebisho. Pale palipoandikwa kwamba hakuna aliyemfahamu mwandishi, pasomeke kwamba baba yake alimfahamu, akanyamaza, na watoto wakala hadi mwisho wa mwezi.

Na yale ambayo binti hakuyasema Jumanne, anayasema sasa. Sina kinyongo, baba. Lala kwa amani.