Mkoba Uliokwenda Nyumbani Kila Ijumaa

Miaka thelathini na mmoja na miezi minne! Ndivyo alivyodumu karakanani kwetu, jengo la nyuma la hospitali, fundi mkuu wa miguu ya bandia ambaye nyote mnamjua kama Mzee Mkoba. Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni, anastaafu rasmi. Naandika kwa furaha, maana ndiye aliyenifundisha kazi, na leo kwa mara ya kwanza hawezi kunisahihisha.

Alikuja nchi hii na mkewe, binti mchanga na mkoba mmoja wa ngozi alioushona mwenyewe. Kwao alikuwa fundi viatu. Kabila lake ni la watu wachache hata huko alikotoka, na hapa mjini hakuwa na wa kusalimiana naye kwa lugha yake ila mama watoto. Aliajiriwa kufagia vumbi la plasta.

Mwezi wake wa tano kazini, mwalimu mmoja wa kike alirudisha mguu wake mara ya tatu. Ulikuwa ukimchuna, na alishaapa kwamba ukimshinda tena atarudia magongo maisha yake yote. Mafundi walikuwa wamekwenda kula. Mfagiaji akauchukua, akaupapasa ndani kwa kidole gumba, akakata kipande cha ngozi laini na kukishonea humo. Jioni mwalimu alitembea hadi getini na kurudi bila kushika ukuta! Mkuu wa karakana alipouliza nani kagusa kazi ya watu, kila fundi akainamia meza yake. Akajitokeza yeye, mkoba tayari begani, akiamini kibarua kimeota nyasi. Akapewa aproni.

Msidhani mambo yalinyooka hapo. Kibali chake cha kuishi nchini kilikuwa cha mwaka mmoja mmoja, na hakuna aliyejua kama kingeongezwa. Alisoma jioni, akafeli mtihani wa ufundi mara mbili, akafaulu wa tatu, akapanda hadi fundi mkuu. Lakini kila Ijumaa alisomba vitu vyake vyote: kikombe, futi, kandambili, hata kijiko. Tulimtania bila huruma. Tulimwuliza kama anatuona sisi wezi. Naye alicheka nasi huku akifunga vifungo vya mkoba. Ni mkewe, Mama yetu sote, aliyeninong'oneza siku moja kwamba mzee hataki Jumatatu vitu vyake vikutwe kwa watu na mwenyewe yuko ng'ambo ya mpaka. Niliona aibu, nikaacha utani.

Ana tabia nyingine. Mgonjwa akipiga hatua za kwanza, yeye hurudi kinyumenyume mbele yake akihesabu moja hadi kumi kwa lugha ya kwao. Anadai miguu yake haisikii lugha nyingine. Leo karakana nzima tunahesabu hivyo, na watu elfu mbili na ushee wametoka kwenye lile geti wakijihesabia hivyohivyo. Juzi nilimsikia muuza viazi sokoni, mteja wetu wa zamani, akipanda ngazi kwa hesabu hiyo. Nilitamani kumkumbatia.

Mwaka wa kumi na saba ikaja barua: ukaazi wa kudumu! Asubuhi hiyo Mzee Mkoba aliazima nyundo, akapigilia msumari mmoja kando ya dirisha, akatundika aproni. Kikombe akakiweka rafuni. Ilikuwa Ijumaa, na jioni alitoka mikono mitupu, hadi bawabu akamkimbilia akidhani kasahau mkoba. Sisi tuliokuwa dirishani tulipiga makofi kama wehu.

Jana alianza kufungasha kwenye mkoba uleule. Vyeti, redio, buli, mto wa kiti, picha za wagonjwa wakicheza mpira: haukufungika. Tumemwazimia toroli la dobi, nalo limejaa. Sasa binti yake, yule mchanga wa siku zile, anakuja na pikapu pamoja na wanawe wawili.

Asante, Mzee Mkoba, kwa kila hatua. Wewe na Mama tunawaombea afya, usingizi wa asubuhi na maisha mema yasiyo na kengele. Beba vyote, ni vyako. Aproni tu uiache msumarini, Jumatatu tuikute.