Karatasi Moja ya Baba Yangu Harlan Te Brake

Sauti ya kwanza ya maisha yake, kama bibi alivyozoea kusimulia, haikuwa kilio chake mwenyewe bali ngurumo ya trekta usiku wa manane, jirani yao Mzee Kuiper akisukuma theluji barabarani ili daktari apite, na daktari alichelewa na mtoto akawahi, hivyo Harlan Te Brake alizaliwa tarehe 9 Machi 1949 katika nyumba ile ile ya shambani, maili tatu kaskazini mwa Harmelen hapa Iowa, ambamo wengi wenu mlikunywa kahawa jana.

Wapendwa, mimi ni Janna, binti yake wa pekee, na nitasoma kwa haraka kwa sababu mwanangu Mika yuko mikononi mwa Shangazi Wilma pale mbele na sijui atavumilia mpaka lini, na shangazi ndiye aliyeiandika historia hii kwa mkono wake, mengine nimeongeza mimi jana, na kuna sentensi moja ya shangazi ambayo sijui kama nitaweza kuisoma, tutafika.

Marehemu alibatizwa katika kanisa hili tarehe 3 Aprili 1949, akasoma shule yetu ya Kikristo mpaka akamaliza sekondari tarehe 25 Mei 1967, akatamani kwenda chuo awe mchungaji, lakini Oktoba ya mwaka huo mashine ya kuvuna mahindi ilimkata babu mkono wa kulia, baba akabaki nyumbani na nguruwe mia nne, na hakulalamika, alisema nguruwe nao wanasinzia katikati ya mahubiri kwa hiyo hakukosa kitu. Akafuga nguruwe na kulima mahindi na soya kwa miaka hamsini na moja.

Tarehe 16 Juni 1972 alifunga ndoa na mama yangu Lois De Haan, mbele ya madhabahu hii, wakaishi pamoja miaka arobaini na mitano mpaka mama alipoitwa tarehe 11 Oktoba 2017. Mungu aliwapa mimba tatu, mwaka 1974, 1976 na 1979, na hakuna iliyofika, baba akawapa wote majina, majina yapo katika Biblia yake na mtayaona mezani kule chini, na nadhani anayetaka kujua kwa nini mtu mkimya namna ile alisimama barabarani na bango kila Oktoba aanze na majina yale matatu.

Ilikuwa kwenye bango hilo, Oktoba 1987, kando ya barabara kuu, yeye na watu wa kanisa wakiwa na maneno yao kuhusu watoto ambao hawajazaliwa, gari likapunguza mwendo, msichana akashusha kioo akamwambia, "Haya mzee, mimi ninayo mimba, na baba yangu amenifukuza, sasa leo nalala wapi?" Wenzake wakatazamana. Baba alilaza bango kwenye nyasi, akamwambia amfuate, na jioni mama akaongeza sahani. Huyo alikuwa wa kwanza, na kuanzia hapo mpaka 2003 wakapita wasichana kumi na mmoja katika chumba cha juu upande wa mashariki. Wa nane alikuja Novemba 1998 akiwa na miaka kumi na sita, akajifungua tarehe 4 Februari 1999, akakaa wiki tano, akaomba aondoke bila mtoto, wakamfungia mikate ya nyama ya nguruwe ya safarini na hawakumwuliza swali. Mtoto yule ni mimi. Mahakama ya kaunti ilinipa jina la Te Brake tarehe 20 Septemba mwaka huo huo.

Baba ndiye aliyenifundisha kuandika, majira ya baridi, kabla sijaanza shule, mezani jikoni, kila herufi ikae juu ya mstari kama kuku juu ya kijiti, na herufi ya a iwe na mkia kidogo, kwa sababu baba yake alimfundisha hivyo. Shikeni hilo la mkia.

Katika utumishi wa umma, tangu Februari 1988 alikuwa mwenyekiti wa mkutano wa kura za mchujo katika kata yetu, ambako majirani wa chama hukusanyika kumpendekeza mgombea urais, na kila baada ya miaka minne wanaotaka urais walipita jikoni kwetu, mnakumbuka magari yale meusi yakikwama kwenye tope letu, na aliwauliza wote kwanza kuhusu mtoto ambaye hajazaliwa, halafu anaweka kikombe chini, anauliza, "Na mkeo, anaendeleaje?" kisha ananyamaza na kumtazama mtu usoni. Mama alisema amewaona wanaume wakubwa wakitoka jasho mwezi wa Januari. Nilipokuwa na miaka minane, kijana mmoja wa kampeni alitaka nipandishwe jukwaani mjini Des Moines habari zangu zisimuliwe, msichana aliyezaliwa kwa sababu mtu alifungua mlango, na mgombea mwenyewe alikuwa mtu mwema, wa kwetu kabisa. Baba alisema, "Mtoto si bango." Kijana akasema ni dakika mbili tu, mzee. "Hata sekunde mbili." Nilikuwa nyuma ya mlango na nguo mpya nilishavaa, nikamkasirikia siku nzima.

Sasa shangazi ameandika hapa kwamba mkutano wake wa mwisho ulikuwa Jumatatu ya tatu ya Januari, mwaka juzi, katika ukumbi wa michezo wa shule, na kwamba katika miaka yake yote, naisoma kama ilivyo, "hakusema uongo hata siku moja." Samahani. Naomba maji.

Mlikuwepo wengi. Mnakumbuka baridi ile, nyuzi ishirini chini ya sifuri, na Mika alikuwa na miezi mitano tu na tulikuwa tumeambiwa wiki ile kwamba moyo wake una tundu na atapasuliwa, na bima yetu yote iko kwenye kazi ya mume wangu Cody pale kwenye ghala la nafaka, na Dale Roelofs, bosi wake, alikaa nyuma yangu hasa, Dale unisamehe, hukufanya kosa lolote, ulisimama ukamsemea mgombea wako kama ilivyo haki yako, ukasema, "Ndugu zangu, hatuchagui mchungaji hapa, tunachagua mbwa wa kulinda zizi, na mbwa mpole ni wa kumpiga picha tu," na ukumbi mzima ukacheka, hata mimi. Mgombea huyo alikuwa amemwacha mkewe akiwa mgonjwa, na neno lake kuhusu watoto lilikuwa limegeuka mara tatu, lakini alikuwa anaongoza, na alisema atatulinda, na sisi tulikuwa tumechoka kushindwa na watu wapole.

Baba akasimama kumsemea yule gavana mstaafu ambaye hakuna aliyekumbuka jina lake. Akasema, "Dale, nimefuga mbwa miaka hamsini. Mbwa anayekula mayai ya nyumbani simwachii kuku." Wakacheka tena, kidogo. Halafu akasema kwamba kwa miaka thelathini na zaidi tumewaambia watu wa nchi hii kuwa mwenendo wa mtu una maana, agano lina maana, "na leo tukisema halina, wale wasichana kumi na mmoja wana haki ya kurudi kuniuliza nilikuwa nasema nini." Akaketi. Mtu mmoja alipiga makofi, nadhani ni mchungaji, akaacha.

Karatasi zikapita, kila mtu aandike jina, akunje, atumbukize kwenye ile ndoo ya bisi. Mkono wangu ulikuwa juu ya goti na Dale yuko nyuma, na najua Dale hakuwa anatazama, alikuwa anatafuta miwani yake, lakini nilimwona Mika mezani kwa wapasuaji, nikaona Cody hana kazi, nikaona sote tumebaki peke yetu na baba na gavana wake, na nikafikiri labda wao ndio wanaona sawa, labda mtu mkali ndiye atakayewalinda watoto, sijui nilifikiri nini, niliogopa, nikaandika jina la yule mwingine. Nimekaa miaka miwili natafuta neno bora kuliko hilo na sikulipata, niliogopa.

Baba mwenyewe ndiye aliyekuwa akifungua karatasi na kuzisoma kwa sauti. Katikati akafungua moja akakawia. Wengine mtadhani aliikosa miwani. Akasoma jina la yule mwingine, kwa sauti ile ile, akaiweka kwenye fungu lake, akaendelea. Mwisho akatangaza hesabu, na ya gavana ilikuwa moja.

Mtu akapiga mluzi. Na Dale, kwa utani wako tu, ukasema, "Moja, mzee? Kumbe hata Janna amekukimbia!"

Watu wote wakanigeukia. Baba akasema, "Karatasi hiyo ni ya Janna. Mimi ni mwenyekiti, sikupiga."

Alipiga. Nilimwona akiandika. Karatasi moja ile ilikuwa yake, na mtu aliyewatoa jasho wagombea urais kwa kunyamaza tu alisimama mbele ya majirani zake wote akasema uongo, halafu akaja akakaa kando yangu, akatoa peremende mfukoni kama tunavyofanya mahubiri yakiwa marefu, akaivunja kwa meno, akanipa nusu.

Mlinikumbatia wiki ile, akina mama wa kikundi cha Biblia, mkaniita binti mwaminifu, na Dale ukamwambia Cody, mkeo ana msimamo, namheshimu kwa hilo, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kuogopa tangu mwanzo, hapakuwa na kitu kabisa. Na Machi wakuu wa chama katika kaunti wakasema mwenyekiti anayesimama kuhubiri kisha hapigi kura ni wa nini, wakampa kazi mwingine, na baba akapeleka ndoo na kitabu cha majina yeye mwenyewe kwa lori lake. Nilimwona akiiosha ile ndoo kwanza, kwenye bomba la bandani, akaikausha kwa shati. Sikusema. Mara nyingi nilianza, tukiosha vyombo, nasema, "Baba," naye anasema, "Mika amekula?" na mimi nasema amekula.

Marehemu alianza kuugua tarehe 2 Juni mwaka jana, maumivu ya tumbo na mgongo, akagundulika na saratani ya kongosho tarehe 19 Juni hospitalini huko Sioux Falls, akatibiwa mara sita, Novemba akaomba arudi nyumbani, na alifariki alfajiri ya tarehe 12 Februari mwaka huu, saa kumi na dakika ishirini, katika chumba cha juu upande wa mashariki, akiwa na umri wa miaka sabini na sita. Ameacha dada mmoja, binti mmoja, mkwe mmoja, mjukuu mmoja, ambaye moyo wake ulishonwa na madaktari wanasema umeshika lakini tunarudi tena mwezi ujao na sijui, na wasichana kumi na mmoja, wanne wako humu leo, na mmoja, aliyenizaa, sijawahi kumwona na simwoni.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Sioux Falls, na muuguzi aliyekuja shambani kila siku hata barabara ilipofungwa, na nawashukuru wajukuu wa Mzee Kuiper waliosukuma theluji na trekta usiku ule wa mwisho, akaisikia, akafungua macho akauliza, "Daktari amefika?" Nawashukuru wafanyakazi wenza wa Cody, na Dale kwa kumpa ruhusa ya wiki mbili bila hata kuombwa, na Mchungaji Brandsma, na waliopika, na wote ambao mlitofautiana naye mwaka juzi na bado mkaja kumbeba.

Usiku huo huo, trekta ilipopita, nilimwambia. Nilisema, "Baba, ile karatasi."

Akasema, "Niliijua kwenye herufi ya kwanza. Ina mkia. Nani alikufundisha kuandika?"

"Mbona ulisema uongo?"

"Wangekutazama wewe. Mimi wamenizoea." Akaniuliza, "Uliogopa?"

"Ndiyo."

"Na sasa?"

"Bado, baba."

Akanyoosha mkono nikaushika, na nilikuwa nataka aseme amenisamehe, alikuwa mtu wa kusema mambo kwa majina yake, lakini pumzi ilikuwa imebaki kidogo na aliitumia kwa jambo lingine.

Shangazi, nimeikata sentensi yako. Andika kwamba alisema uongo mara moja.

Lala salama, baba, kazi umemaliza, theluji wamesukuma, njia iko wazi. Na kwa pumzi ile iliyobaki, kuhusu karatasi yangu na hofu yangu, alisema, "Hilo nimeshamwambia Bwana, Janna. Mtu mwingine sitamwambia." Na hakumwambia mtu.