Hema Bila Msiba

Wapendwa, mmenisimamisha nitoe ushuhuda, kwa hivyo mkiniona nimeshikilia kiti msinicheke. Sitataja jina la mtu. Mmoja wa nitakaowasimulia ameketi hapa ndani na ameshaanza kuniangalia vibaya.

Mnajua nilimzika mama. Mlitoka hapa Kitale mkaja mpaka kwetu, upande wa Chwele, mkaniimbia. Jambo ambalo hamkujua ni kwamba mlipoondoka nilifunga jikoni mwake, ile nyumba ndogo kando ya nyumba kubwa, nikarudi chuoni na ufunguo. Baba akawa anakula kwa senge, dada yake. Mtu akitaja huo mlango, mimi nawaka.

Sasa, chuoni tukapewa kazi ya mwisho: video ya wimbo. Tulikuwa wanne, na kamera ya kuazima siku moja tu. Wimbo ulikuwa wangu, wa mama. Tukaketi kupanga hadithi ya video, na kijana wa kamera akasema, "Si tushutie jikoni kwa mathe wako? Mwanga ni wa bure, wewe unapika tu."

Ndugu zangu, nilimfokea mpaka akaweka kalamu chini. Nikasema tutaonyesha mazishi. Hema na viti tungeazima kwa kanisa la nyumbani. Mazishi ningeweza kuyapanga bila hata kupepesa macho. Kufungua ule mlango nilishindwa.

Tulienda siku ya soko. Baba alikuwa ameondoka na ng'ombe kwenda kuuza Chwele, hakujua lolote. Tukasimamisha hema, tukapanga viti. Nyinyi mliotoka kwetu Bungoma mmeshajua nilikosea wapi. Kwetu hema likionekana bomani ni msiba, hakuna anayepiga simu kuuliza. Watu wanakuja.

Nikiwa namwonyesha mwenzangu pa kulilia, nikasikia nduru kutoka barabarani. Wanawake wanashuka mikono kichwani, wengine na kuni, wengine na unga. Senge yuko mbele, na kiatu kimoja. Akanishika mabega.

"Ni nani? Si uniambie ni nani! Ni ndugu yangu?"

"Hakuna mtu, senge. Ni video."

"Ati video? Ndugu yangu ako wapi?"

Nikampigia baba. Mteja hapatikani. Nikapiga tena, hivyo hivyo. Nawaambia, mimi niliyepanga hiyo hadithi nilianza kuiamini. Niliogopa kwamba nimemwitia baba kifo kwa mikono yangu. Wanawake wanalia, senge anazunguka boma akiita jina lake, na mimi nikapiga magoti nikaanza kung'oa vigingi vya hema.

Ndipo pikipiki ikaingia kwa kasi. Baba akaruka kabla haijasimama, shati nje, ng'ombe amemwacha huko. Alikuwa ameambiwa sokoni kwamba kwake kuna hema. Na yeye alimfikiria mtu mmoja tu. Alinifikiria mimi.

Hakunipiga. Alinishika uso kwa mikono yote miwili akanigeuza huku na huku.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

Akakaa kwenye nyasi akalia. Sikuwa nimemwona akilia hata siku ya mama.

Hema likashushwa. Lakini unga ulikuwa pale, na kwetu unga ulioletwa msibani haurudi nyumbani, mtu anaogopa kurudi na huo msiba kwake. Lazima uliwe hapo hapo. Senge akasema, bado amekasirika, "Na hawa wote nitawapikia na nini? Sufuria kubwa iko jikoni kwa mama yako."

Wakaniangalia. Ufunguo ulikuwa mfukoni, ulikuwa mfukoni siku zote. Baba hakusema nilete. Alisema tu, "Mimi nimechoka kula kwa watu."

Wapendwa, nilitembea hadi kwa ule mlango na senge amenishika kiwiko. Kufuli ilikuwa na kutu, ikakataa, ikakataa, ikafunguka. Leso ya mama, ile aliyojifunga kiunoni akipika, ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango. Nililia hapo kilio nilichokuwa nimekificha tangu mazishi. Mama mmoja akaniambia, "Songa kando, msichana, umetuzibia njia," wakapita na kuni zao, wakawasha.

Kijana wa kamera aliniuliza kwa macho. Nikakubali arekodi. Hiyo ndiyo hadithi tuliyopeleka chuoni: msichana anafungua mlango, wanawake wanapika, baba anakula kwake.

Asante, senge, huko uliko nyumbani, ingawa hukunisemesha mpaka ukamaliza ugali. Asanteni wamama wa kwetu. Na wewe wa kamera, acha kuniangalia hivyo, ulikuwa umesema ukweli kutoka mwanzo. Nanyi wenzangu mliofiwa, kama kuna mlango umeufunga, usingoje nduru ndiyo ufungue. Ndani kunauma, siwadanganyi. Lakini kuna mtu wako ambaye amekaa nje na njaa, na anaogopa kukuuliza.

Ufunguo sinao tena. Uko kwa baba. Juzi nilipofika nyumbani, moshi ulikuwa unatoka jikoni kwa mama, na yeye ndiye aliyekuwa amewasha.