Mama Honorine na Doa Lisilosogea

Ijumaa tarehe 28 Novemba, Mama Honorine Mwansa, mwanafizikia wa idara yetu ya picha za tiba hapa Lubumbashi, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Wenzangu wameniomba niandike, na mkono ni mzito.

Alianza chuoni, akiwafundisha wanafunzi kunasa miali itokayo angani. Kamera ya gama ilipofika hospitalini, akahamia kwetu na ujuzi huohuo. Mgonjwa hupewa dawa yenye miali hafifu. Ndani ya kamera kuna fuwele inayometa mwali unapoigusa, na nyuma yake mirija inayotambua mmeto umetokea wapi. Mrija mmoja ukinyamaza, picha inadanganya. Kwa hiyo kila asubuhi aliijaribu kamera kabla ya mgonjwa kuingia. Aliyemhimiza aharakishe aliambiwa angoje nje, hata akiwa daktari mkuu.

Miaka sita iliyopita umeme ulikatika katikati ya kazi. Uliporudi, foleni ilikuwa imefika barazani, naye akaendelea bila kuijaribu kamera upya. Picha ya Bénie, mwimbaji wa kwaya kutoka mtaa wa Kenya hapa mjini, ikaonyesha doa jeusi kwenye tezi ya shingo. Ikadhaniwa ni uvimbe, akapangiwa upasuaji. Bénie alilia sana, maana kisu cha shingoni kingeweza kumwondolea sauti.

Mchana huohuo picha ya mgonjwa mwingine ikatoka na doa mahali palepale. Mama Honorine alitoka mbio, akamkuta Bénie langoni na ndugu zake, akamrudisha. Alimlaza tena, akamsogeza kidogo kushoto. Katika picha mpya shingo ilikuwa imesogea. Doa lilibaki pale pale.

Angeweza kusema tu kwamba picha ya kwanza haikutoka vizuri. Badala yake alimwita daktari wa upasuaji, na mbele yake na ya ndugu wote akamwambia Bénie: “Ile tache, ile doa nyeusi, haiko mu shingo yako, mama. Iko mu mashine. Ni miye nilikosa, unisamehe.”

Nilikuwepo. Tangu siku ile hakuna aliyethubutu kuficha kosa katika idara yetu, na umeme ukirudi tunaijaribu kamera upya, foleni inung’unike inavyotaka.

Asante, Mama Honorine. Nenda ukapumzike, uwe na amani na afya. Njoo utusalimie siku yoyote upendayo, ila tunamwomba Mungu usije ukalala chini ya kamera yetu.