Wakili Santina na Mbuzi wa Kyebando

Wapendwa, leo tunamsindikiza Wakili Santina Olanya, Mama Lamwaka wetu.

Alizaliwa tarehe 12 Agosti 1967 katika kambi ya jeshi mjini Gulu, binti wa Sajini Olanya. Kiswahili alikipata hapo kambini, na hata watoto wake aliwagombeza kwa Kiswahili. Alisoma sheria Makerere, akahitimu mwaka 1991, akafungua ofisi Kabalagala, juu ya baa. Wateja walikula kiapo huku muziki ukivuma chini. "Semeni kwa nguvu, Mungu asikie!" aliwaambia.

Tarehe 9 Desemba 1995 alifunga ndoa na Okidi, fundi wa redio, wakahamia Kyebando. Jamani, walipendana hawa!

Machi 2021 aliteuliwa mwenyekiti wa baraza la nidhamu la mawakili, Wakili Abdul-Latif akiwa makamu wake. Siku hiyohiyo mbuzi aliletwa nyumbani. Okidi, kwa furaha, hakuuliza katoka kwa nani. Akachinja. Watu walikuwa wananawa mikono baada ya kula ilipojulikana: mbuzi ni wa Wakili Erinayo, aliyelalamikiwa kwa kuzembea rufaa ya mjane mpaka muda ukapita. Shauri lake ndilo lingekuwa la kwanza la Santina.

"Mama Lamwaka, tumeshamla. Tutamrudisha vipi?" Okidi aliuliza.

"Basi nitarudisha kiti."

Kesho yake alisimama mbele ya wajumbe: "Nimekula mbuzi wa Erinayo. Amueni." Okidi alikaa nje, roho mkononi, akijua huenda amemkosesha mkewe cheo alichokitamani miaka yote. Walimwachia kiti, wakamtoa kwenye shauri lile tu. Abdul-Latif alilisikiliza, na Erinayo akasimamishwa uwakili mwaka mzima. Santina hakumlaumu mumewe hata siku moja. Ila kila nyama ilipopikwa alimtania, "Baba Lamwaka, huyu hana kesi?"

Juni 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti. Okidi alifunga karakana, akampikia, akamwogesha mwenyewe. Santina alifariki nyumbani Jumamosi, tarehe 3 Mei 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Inauma, wapendwa. Inauma sana.

Ameacha mume, Okidi. Watoto, Lamwaka na Komakech. Na wajukuu wawili.

Jana Wakili Erinayo alifika msibani na mbuzi, akasimama getini akiogopa kuingia. Okidi aliipokea kamba, akamshika mkono na kumwingiza ndani. Kisha akaligeukia jeneza.

"Mama Lamwaka," alisema, "huyu hana kesi." Ndipo akalia.

Baraza limefungwa, mama yetu. Pumzika kwa amani.